Mombasa hadi Malindi kwa baiskeli: ule nini, unywe nini

Vijana wa mtaani kwetu siku hizi hawana mazungumzo barazani ila safari yao ya baiskeli, Mombasa hadi Malindi. Ni kama kilomita 120, na kwa mtu aliyejizoeza ni saa tano au sita za kukanyaga pedeli. Matairi wameshakagua, breki zimekazwa, fulana zimeshonwa. Chakula ndicho walichomwachia kila mtu na lake. Mpwa wangu anasema atakunywa chai kavu alfajiri ili aende akiwa mwepesi. Mwenzake amenunua pakiti za jeli kutoka ng'ambo, na kwa bei ya pakiti tatu hivi angepata kilo nzima ya tende. Diploma yangu niliifanyia lishe, nao wananiita mjomba, kwa hivyo nimeona niyaandike hapa ili wafaidike na wengine.

Huyo wa chai kavu ndiye anayenitia hofu zaidi. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na kwenye ini, na akiba hiyo ni ndogo. Kwa mtu mzima ni kama gramu 500 kwa jumla, na ukienda kwa kasi huisha baada ya saa moja na nusu au mbili. Mafuta ya mwilini yapo mengi, lakini huchomwa polepole na hayawezi kukuendesha kwa kasi peke yake. Akiba ya wanga ikimalizika miguu huwa mizito ghafla, mikono hutetemeka, macho huona kiza, na kichwa hakifikiri sawasawa. Ukiwa nyumbani ungelala kidogo. Barabara ya Malindi ina malori, mabasi na matatu, na mwendesha baiskeli aliyezubaa huyumba akaingia katikati ya njia bila yeye mwenyewe kujua.

Jambo hili huwafika hata mabingwa. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufunzwa baiskeli hapa Kenya na David Kinjah, alikuwa akiongoza Tour de France Julai 2013. Kwenye mlima wa Alpe d'Huez sukari ikamshuka. Mwenzake Richie Porte akamletea jeli mahali ambapo sheria za mashindano zilikuwa haziruhusu tena kupokea chakula, na Froome akatozwa sekunde 20. Mwaka huo alishinda vilevile. Lakini yeye alikuwa na timu na magari ya kumsaidia. Kijana wetu akiishiwa nguvu pale Vipingo, gari lililo nyuma yake huenda likawa trela.

Basi tuanze na usiku wa kuamkia safari. Kula wali, na ule wa kutosha. Wali mweupe au wa nazi nyepesi, na kipande cha samaki, vinatosha kabisa. Biriani lenye samli na nyama nyingi liache mpaka urudi, kwa sababu mafuta hukaa tumboni muda mrefu. Maharagwe na mbaazi pia usiku huo zipumzishe, maana zina nyuzinyuzi nyingi na hujaza gesi. Na hakuna haja ya kula mpaka ushindwe kuinuka. Ongeza tu wali kidogo kwa siku mbili kabla ya safari na upunguze mazoezi, akiba itajaa yenyewe.

Asubuhi ndipo nitakapokosana na wengi, kwa sababu nasema usile mahamri na mbaazi. Mimi mwenyewe Jumapili bila mahamri sioni kama kumekucha, lakini hamri limekaangwa, na mbaazi zina tui. Ukipanda baiskeli nusu saa baadaye, damu inayotakiwa miguuni na ile inayotakiwa tumboni zitagombana, na utayasikia mahamri yakikupanda kooni tangu Shanzu. Kula viazi vitamu vya kuchemsha, au muhogo wa kuchemsha, au uji wa mchele wenye sukari, au mkate na asali. Wakati mzuri ni saa mbili au tatu kabla ya kuondoka. Kama mnaondoka saa kumi na mbili asubuhi, anayeamka usiku kuswali ana nafasi ya kula vizuri, kama anayekula daku. Asiyeamka mapema hivyo, baada ya Alfajiri ale kidogo tu: ndizi mbili, mkate slesi moja, na chai ya tangawizi yenye sukari. Tumbo tupu ndilo lisilofaa. Kikombe kidogo cha kahawa hakina ubaya kwa aliyezoea, na kafeini husaidia kweli kupunguza hisia ya uchovu.

Njiani, kanuni ni kula kabla ya njaa. Njaa ikifika umeshachelewa, kwa sababu chakula kinahitaji muda kupita tumboni mpaka kwenye damu. Ukivuka daraja la Mtwapa uwe umeshatia kitu kinywani, hata kama unajiona simba. Baada ya hapo kula kidogo kidogo kila dakika 20 au 30. Kwa safari ya namna hii mwili unaweza kutumia gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Waliozoea hufika 90, wakichanganya aina za sukari, lakini hilo linataka tumbo lililofundishwa.

Gramu 60 zina sura gani? Tende ndogo moja ina kama gramu 5 au 6 za wanga, kwa hivyo tende tano ni karibu gramu 30. Ndizi moja ya kiasi ina kama 25. Ukila tende tano na ndizi moja ndani ya saa moja umekaribia hesabu, na kinywaji chenye sukari kikijaza palipobaki umefika. Sukari ya tende ni mchanganyiko wa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo ndio unaowekwa kwenye jeli nyingi za bei kali. Zitoeni kokwa nyumbani, mzifunge mbilimbili kwenye karatasi, mziweke mfuko wa nyuma wa fulana. Kutema kokwa huku umeshika usukani kwa mkono mmoja ni kutafuta ajali, na kwa sababu hiyohiyo ubuyu ubaki nyumbani. Halwa kipande kidogo si mbaya ila hunata vidole na breki. Kashata ya nazi ina mafuta. Viazi karai vya Kilifi mtavikuta siku ya kurudi.

Kilifi ni kama nusu ya njia. Simameni hapo kwa dakika chache, mjaze chupa, mle kitu cha chumvi. Msikae mpaka miguu ikakakamaa.

Kuna jambo moja ambalo mabaharia wetu wangelikumbuka mapema. Wakati wa kaskazi, safari ya kwenda Malindi ni ya kupinga upepo. Kilomita ni zilezile lakini nguvu zinazotoka ni nyingi zaidi na saa zinaongezeka, kwa hivyo chakula cha saa tano hakitatosha. Bebeni cha ziada cha saa moja na zaidi. Wakati wa kusi upepo unawasukuma kwa nyuma, na hapo hatari ni kusahau kula kwa sababu mambo yanakwenda rahisi.

Sasa maji. Kwa joto letu wengi wanahitaji nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa. Ukitaka kujua kiasi chako, jipime uzito kabla na baada ya mazoezi ya saa moja: kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya jasho, na uongeze hapo ulichokunywa. Lakini msinywe maji matupu kupita kiasi. Jasho hutoa chumvi, na ukijaza maji matupu tu, chumvi iliyobaki kwenye damu huchujuka. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole kuvimba, kisha kuchanganyikiwa, na inaweza kuua. Tieni kwenye lita moja ya maji safi vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, na ndimu ya kuleta ladha. Chumvi tunayo ya kwetu, inavunwa Gongoni, hapo mbele ya Malindi tu.

Na madafu? Dafu ni zuri, na mkilipata baridi pale Gede mtashukuru. Ila lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, wakati jasho linatoa zaidi sodiamu. Tieni chumvi kidogo ndani yake, au mle na achari.

Yote haya myajaribu kwenye mazoezi ya kilomita 40 au 60 kwanza, kwa sababu matumbo hayafanani. Mwenye kisukari, hasa anayetumia insulini, aonane na daktari wake kabla, maana mazoezi hubadilisha kipimo cha dawa.

Mkimwona mwenzenu amenyamaza ghafla, anayumba au anajibu ovyo, msimwambie ajikaze. Mtoeni barabarani kabisa, mkalisheni kivulini, mpeni soda yenye sukari au tende, na mngoje dakika 15 au 20 kabla ya kuamua kama ataendelea. Akiwa hajitambui au hawezi kumeza, msimtie chochote kinywani. Mlazeni ubavu, msimamishe gari, apelekwe hospitali.