Je, Wajua? Baki za 1/7
Kila sehemu ya namba nzima, ukiigeuza kuwa desimali, ama huisha ama hujirudia milele. Gawanya 1 kwa 7 upate 0.142857142857... Siri iko kwenye baki. Ukigawanya kwa 7, baki ni 0 hadi 6 tu. Ikiwa 0, hesabu imekwisha, kama 1/8 inavyoishia 0.125. Isipokuwa 0, zimesalia baki sita, hivyo lazima mojawapo irudi, na ikirudi huja na tarakimu zile zile zilizoifuata. Kwa 1/7 baki hupangana 1, 3, 2, 6, 4, 5, kisha 1 tena. Zote sita zimetumika, ndiyo maana 2/7 ni 0.285714..., tarakimu zile zile zikianzia pengine.

Mtu atabisha: mbona kikokotoo kinaonyesha 1/17 bila marudio yoyote? Ni kioo tu kilichoishiwa nafasi, maana mzunguko wake una tarakimu 16. Na 22/7 tuliyokaririshwa shuleni kuwa ndiyo pai? Hujirudia, 3.142857..., kwa hiyo haiwezi kuwa pai yenyewe. Mwanahisabati Johann Lambert alithibitisha katika karne ya 18 kwamba pai si sehemu ya namba nzima.