Kijana Aliyeketi Kando ya Daktari

Sogeeni karibu na redio, na wale walio nyuma waje mbele. Kabla hatujaanza, mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu kwa herufi kubwa: MWANAGENZI, RIDHAA, SIRI. Tutayahitaji yote.

Haya. Umekwenda hospitali kwa sababu ya maumivu ya tumbo. Umengoja zamu yako, jina lako limeitwa, umeingia. Daktari yuko mezani pake. Lakini pembeni yuko mtu mwingine: kijana wa miaka 17 au 20, shati limepigwa pasi, ana daftari mkononi. Hasemi neno. Anakutazama tu. Ni nani huyu? Na nani amempa ruhusa ya kusikia habari za tumbo lako?

Huenda ni mwanafunzi wa chuo cha udaktari. Huyo yuko hapo kwa masomo yake, na kutibu ndiko anakojifunza. Lakini huenda bado hajaingia chuo cho chote. Anataka kujua kama udaktari ni kazi itakayomfaa, naye ameomba amfuate daktari kwa siku chache, aende anakokwenda, aone anayoyafanya. Huyu wa pili ndiye tutakayemzungumza leo.

Tazameni ubaoni neno la kwanza: MWANAGENZI. Mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi kwa kukaa na fundi. Seremala anaye mwanagenzi wake, na mshona nguo vile vile. Hata mganga wa miti shamba huongozana na kijana wake porini, akamwonyesha mti huu na mzizi ule. Zamani hata Wazungu walijifunza udaktari kwa njia hiyo. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1815 kwamba mtu anayetaka kuwa mtengeneza dawa mwenye ruhusa ya kutibu lazima kwanza awe mwanagenzi miaka 5.

Lakini kijana wetu si mwanagenzi, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Mwanagenzi hushika randa akapiga mbao. Huyu hashiki cho chote. Hachomi sindano, hafungi kidonda, hapimi damu, hata kama daktari ana kazi nyingi na kijana mwenyewe ana hamu. Wamarekani husema amekuwa kivuli cha daktari, na neno hilo limekaa vizuri, maana kivuli hukufuata kila mahali wala hakigusi kitu.

Huko Marekani desturi hii imeenea sana. Mwanafunzi wa Marekani husoma kwanza chuo kikuu miaka 4, halafu chuo cha udaktari miaka 4 mingine, kisha hufanya kazi chini ya uangalizi miaka 3 hadi 7, kwa kadiri ya tawi alilochagua. Ni safari ndefu na ya gharama kubwa. Kwa hiyo katika ile miaka 4 ya kwanza vijana wengi huwafuata madaktari, na vyuo vya udaktari hupenda kuwauliza waombaji waliona nini huko. Mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko ulipoenea, hospitali nyingi zilifunga milango kwa wageni wa namna hii, na baadhi yao wakatazama kazi ya daktari kwa video. Ilisaidia kidogo, lakini video haina harufu, na wodi ina harufu.

Kwetu Tanzania mambo ni tofauti. Kijana huingia chuo cha udaktari baada ya kidato cha sita, akiwa amesoma fizikia, kemia na baiolojia. Husoma miaka 5, kisha hufanya mwaka 1 wa utarajali hospitalini. Maana yake ni kwamba mtoto wetu huchagua njia yake mapema kuliko yule wa Marekani. Hesabuni wenyewe: anachagua masomo ya kidato cha tano angali na miaka 17 au 18, na pengine hajapata kuona hospitali ila siku aliyopelekwa kwa malaria. Kwa maoni yangu huyu ndiye anayehitaji zaidi kwenda kutazama.

Na ataona nini? Vijana hudhani udaktari ni kisu na sindano. Akikaa siku 3 tu, ataona kwamba sehemu kubwa ya kazi ni kuuliza, kusikiliza na kuandika. Asubuhi daktari hupita wodini kitanda kwa kitanda. Anauliza usiku ulikuwaje, anasoma karatasi za joto na za mkojo, anamsikiliza muuguzi ambaye mara nyingi ndiye ajuaye zaidi, kwa sababu amekesha hapo. Halafu ni foleni ya wagonjwa wa nje mpaka alasiri. Kijana ataona daktari amesimama miguu ikiuma. Ataona jinsi mtu anavyoambiwa habari mbaya, na kwamba anayeisema hukaa chini kwanza, hasemi amesimama mlangoni.

Wako wanaorudi nyumbani wamezidi kuipenda kazi hii. Wako wanaorudi wakisema, "Baba, mimi nataka maabara," au ukunga, au kazi ya madawa, au hata ualimu. Mzazi asikasirike akaona zile siku zimepotea. Ni afadhali mtoto ageuke baada ya siku 3 kuliko baada ya miaka 3 na ada zake zote.

Sasa niwasimulie jambo lililotokea katika mji wa Vienna, nchi ya Austria, mpate kufahamu kwa nini mgeni huyu hulazimishwa kunawa mikono hata kama hagusi mtu. Hospitali kubwa ya mji huo ilikuwa na wodi mbili za kujifungulia. Wodi ya kwanza ilikuwa ya madaktari pamoja na wanafunzi wa udaktari. Ya pili ilikuwa ya wakunga na wanafunzi wao. Akina mama walikufa kwa homa ya uzazi katika wodi ya kwanza kupita ile ya pili, na habari hiyo ilijulikana mjini. Wako waliopiga magoti wakiomba wasipelekwe wodi ya kwanza.

Daktari mmoja wa hapo, Ignaz Semmelweis, alihangaika sana kutafuta sababu. Mwaka 1847 rafiki yake, naye daktari, alijeruhiwa kwa kisu wakati wa kupasua maiti, akafa kwa ugonjwa uliofanana na ule wa akina mama. Hapo Semmelweis akatambua. Madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka kupasua maiti, kisha wakienda kuwapima wazazi. Wakunga hawakupasua maiti. Kumbe mikono ndiyo iliyobeba kifo. Katikati ya mwezi wa Mei akaamuru kila mtu anawe kwa maji yenye klorini kabla ya kumgusa mama. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa kama akina mama 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni walikufa 2.

Wanafunzi wale hawakuwa wabaya. Walikuja kujifunza, wala hawakujua walichobeba. Basi leo kijana akiambiwa anawe mikono akiingia wodini na akitoka, asione anadharauliwa. Na akiwa na mafua au kikohozi, abaki nyumbani siku hiyo.

Liko jambo jingine, ambalo vijana huona haya kulisema: kuzimia. Mtu mwenye nguvu zake anaweza kuona damu akaanguka. Si woga. Mwili unapostuka hivyo, moyo hupunguza mapigo na mishipa hutanuka, damu ikashuka miguuni, na ubongo ukakosa damu kwa muda. Dalili huja kwanza: jasho baridi, masikio kuvuma, macho kuona giza. Anayeona dalili hizo aketi mara moja, hata sakafuni, asingoje kuona kama zitapita. Akiangukia meza ya vyombo vilivyosafishwa, atakayeumia ni mgonjwa. Na ale chakula asubuhi kabla ya kwenda.

Sasa turudi kwako wewe mgonjwa. Someni neno la pili ubaoni: RIDHAA. Ridhaa ni kukubali kwa hiari yako baada ya kuelezwa. Sikilizeni jinsi inavyopaswa kuwa. Bibi mmoja ameingia kwa daktari.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi, huyu kijana ni mwanafunzi wa sekondari. Si daktari. Amekuja kutazama kazi yetu. Je, akae au atoke nje?"

"Mwanangu, haya niliyo nayo leo ni ya kusemwa kwa watu wawili."

"Vema bibi. Kijana, tungoje nje."

Basi, imekwisha. Hapana ugomvi, na bibi hakuulizwa sababu. Atatibiwa vile vile kama angalikubali. Bibi mwingine atasema, "Mwache akae, na wajukuu zangu watahitaji madaktari," na hiyo pia ni sawa. Wala ridhaa haifungi mtu. Unaweza kukubali mwanzoni, kisha daktari akisema uvue nguo, ukasema, "Sasa kijana atoke." Na kama hakuna aliyekuambia ni nani, uliza: "Daktari, huyu mwenzetu ni nani?" Kuuliza hivyo si utovu wa adabu.

Neno la tatu ni SIRI. Aliyoyasikia kijana ndani ya chumba yanabaki ndani ya chumba. Hapigi picha. Haandiki jina la mgonjwa katika daftari lake. Akikutana nawe sokoni, haulizi tumbo linaendeleaje. Marekani ina sheria ya mwaka 1996 inayolinda habari za wagonjwa, na Tanzania ina sheria ya mwaka 2022 ya kulinda taarifa binafsi za watu. Lakini kijijini ambako kila mtu anamjua mwenziwe, hatari huwa pale jioni kijana anaposimulia nyumbani, bila kutaja jina, habari ya "mama mmoja mwenye duka karibu na kisima". Jina limebaki nini?

Mzazi mwenye mtoto anayetaka kutazama kazi hii amshauri aandike barua kwa mganga mkuu wa hospitali, kwa kupitia mwalimu mkuu wa shule. Aseme yu kidato gani, anaomba siku ngapi, na kwa nini. Asiingie kwa mlango wa nyuma kwa sababu mjomba wake ni mlinzi.

Sasa kalamu na madaftari. Kila mmoja aandike sentensi mbili za kumwambia daktari: moja ya kukubali kijana akae, na moja ya kumwomba atoke. Zisomeni kwa sauti, mmoja awe daktari na mwingine mgonjwa. Mwalimu asahihishe herufi, asisahihishe jibu. Kwaherini mpaka Jumanne.