Fahamu: Ua kubwa linalonuka mzoga

Ni nini?

Ni Amorphophallus titanum wa misitu ya Sumatra, Indonesia, jamaa wa magimbi yanayolimwa mabondeni Gitega na Muyinga. Huweza kupita mita 2, ila si ua moja: ni mamia ya maua madogo yaliyojificha ndani.

Kwa nini huchanua kwa nadra?

Ni gharama. Mmea huweka akiba kwenye kiazi, mara nyingi miaka 7 hadi 10 kabla ya kuchanua mara ya kwanza, kisha huitumia kwa siku mbili tu, ukijipasha joto ili uvundo usambae na kuwaita nzi na mbawakawa wa mizoga (ambao, maskini, hawaambulii chakula). Wapo wanaodai kuchanua kwa nadra ndiko kunakoutokomeza. Hoja hiyo haisimami: umeishi hivyo tangu kale, na kinachouponza leo ni ukataji wa misitu.