Kinsevere: Mwananchi anapata nini akiokoa maji?

Kinsevere, kama kilomita 30 kaskazini mwa Lubumbashi, mkoani Haut-Katanga, inajulikana kwa shaba. Lakini kwa familia za vijiji vilivyo jirani na mgodi wa kampuni ya MMG, hesabu ya kila siku haifanywi kwa tani. Inafanywa kwa bidoni za lita 20.

Mvua za Katanga huanza kunyesha kwa wingi Novemba na kukoma Machi au Aprili. Baada ya hapo ni miezi mirefu ya ukavu. Septemba na Oktoba ndipo visima vifupi hushuka zaidi, foleni hurefuka, na wanawake na wasichana hupoteza saa nyingi njiani. Maji safi yakikosekana, watu hurudi kwenye vijito, na kipindupindu si ugonjwa mgeni katika mkoa huu.

Katika hali hiyo, kumwambia mwananchi atumie maji kidogo kunaweza kusikika kama mzaha. Umoja wa Mataifa unasema mtu anahitaji lita 50 hadi 100 kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi. Wengi vijijini hawafikii hata nusu ya kiasi hicho. Kwao, kuokoa maji maana yake ni kuzuia yasipotee: bomba lisilofungwa vizuri, tanki linalomwagika usiku, pampu iliyoharibika ikaachwa.

Bei isiyofundisha

Mjini Lubumbashi shida ni nyingine. Wateja wengi wa Regideso, shirika la maji lililoanzishwa mwaka 1939, hawana mita inayofanya kazi, na faktura yao hukadiriwa tu. Anayefunga bomba na anayeliacha wazi usiku kucha hulipa sawa. Hapo hakuna sababu ya mtu kujibana.

Kinshasa kumejaribiwa njia tofauti. Katika katiye kadhaa za pembezoni, mitandao midogo ya maji inaendeshwa na vyama vya watumiaji, maarufu kama ASUREP. Maji hutoka kisimani, hupanda kwenye tanki, kisha huuzwa kwa kipimo kwenye mabomba ya umma. Fedha hulipa wahudumu, nishati na vipuri. Kila lita inayovuja ni hasara ya chama, kwa hiyo wanachama wenyewe wana sababu ya kuisaka.

Nairobi nako, mwaka 2015, mtaa wa Mathare ulipata mashine za kuuza maji kwa kadi, lita 20 kwa nusu shilingi ya Kenya. Bei ilikuwa ndogo, lakini mteja alichota kile alicholipia.

Zawadi si fedha tu

Cape Town, Afrika Kusini, ilifika mbali zaidi. Ukame ulipoutisha mji huo kwamba mabomba yangefungwa, kila mkazi aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku kuanzia Februari 2018. Bei ilipanda kwa waliotumia mengi, na ramani ya mji ikaonyesha kwa alama ya kijani nyumba zilizookoa maji. Matumizi ya mji, yaliyokuwa yamefikia lita bilioni 1.2 kwa siku mwaka 2015, yalishuka hadi kama lita milioni 500. Mabomba hayakufungwa.

Naivasha, Kenya, mpango uliosimamiwa na mashirika ya WWF na CARE uligeuza deni upande wa pili. Watumiaji wakubwa wa maji walio chini, wakiwemo wakulima wa maua, walichangia vocha za pembejeo kwa wakulima wadogo wa milimani waliopanda nyasi kuzuia mmomonyoko. Anayefaidika na maji alimlipa anayeyatunza.

Kinsevere inaweza kuanzia wapi

Somo la Naivasha ndilo linaloigusa Kinsevere zaidi. Mchimbaji wa shimo la wazi hulazimika kupampu maji ili shimo lisijae, na kiwanda cha shaba hutumia maji mengi. Si haki mzigo wa kuokoa ubebwe na mama mwenye bidoni mbili.

Njia ya kugharamia ipo kisheria. Kanuni ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inaitaka kampuni kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya jamii, na asilimia 15 ya mrabaha kwenda kwa serikali ya eneo ambako mgodi upo. Sehemu ya fedha hizo inaweza kuweka mita moja kwenye tanki la kijiji na nyingine kwenye kila bomba. Tofauti ya namba hizo ni maji yaliyopotea. Kamati ikizisoma hadharani kila mwezi, na kijiji kilichopunguza upotevu kikaongezewa bomba au vipuri, watu wataiona faida kwa macho yao.

Masharti ni mawili. Kwanza, kila mtu apate kwanza maji ya kumtosha. Zawadi isiwe sababu ya mtoto kunawa mara moja badala ya mbili. Pili, mgodi nao utangaze namba zake, unapampu kiasi gani na kurudisha kiasi gani. Kijiji kikisoma mita yake mbele ya watu, jirani yake mkubwa hana sababu ya kuficha ya kwake.