Sura ya Sita: Mchana Kivuli, Usiku Ukuta

Anayefuga kuku wa kienyeji nyumbani huwapoteza kwa namna mbili. Mchana vifaranga hupungua mmoja mmoja, mama yao akipiga kelele na watu wapo uani. Usiku hasara huja kwa mkupuo: mfugaji anaamka alfajiri na kukuta mitetea watano wamekufa, shingo zimetafunwa, na pengine hakuna hata mmoja aliyeliwa akamalizwa.

Hasara hizi zina maadui tofauti, hivyo kinga zake pia ni tofauti. Ya mchana huzuiwa kwa kivuli, ya usiku kwa ukuta. Asiyezitenganisha hutumia fedha pasipofaa: anazungushia uwanja mzima wavu, na jioni kuku wake wanapanda kulala juu ya mwembe, mahali ambapo kanu hupafikia bila shida.

Mchana: mpe kuku pa kukimbilia

Mwewe huhitaji nafasi wazi ya kushukia, na ya kupaa tena akiwa na windo kuchani. Ndiyo maana uwanja uliofagiwa ukawa mweupe, usio na mgomba wala kichaka, humfaa sana. Kuku kwa asili ni ndege wa vichakani. Mababu zake ni kuku mwitu wa misitu ya Asia, na mpaka leo akitishwa kutoka juu hutafuta kitu cha kujificha chini yake.

Sikiliza jogoo anapotoa onyo. Kwa adui wa angani hutoa mlio mwembamba wa kuvuta. Kwa mbwa au nguchiro hutoa mlio mkali wa kukatakata. Mwaka 1993 watafiti Christopher Evans, Linda Evans na Peter Marler walichapisha matokeo ya majaribio ambayo kuku walisikilizishwa milio hiyo iliyorekodiwa, bila adui yeyote kuwapo. Waliposikia onyo la angani, mitetea walikimbilia maficho na kujikunyata. Waliposikia la ardhini, walisimama wima na kuangaza macho huku na huku. Mlinzi basi tayari yumo bandani mwako. Wanachokosa kuku ni mahali pa kukimbilia, na hilo ni jukumu lako.

Panda migomba na vichaka vifupi uani. Jenga na vichanja: simika nguzo nne za urefu wa goti, laza fito juu yake, ezeka kwa makuti au bati chakavu. Vitawanye ili kifaranga, popote alipo, akifikie kimojawapo kwa hatua chache. Weka chakula na maji chini ya kichanja, si katikati ya uwanja. Vipande vya bati vinavyometameta vikitundikwa husaidia kwa muda tu. Ndege wakishavizoea, hurudi.

Vifaranga wachanga wasiachwe watembee ovyo. Wafunike na mama yao kwa tenga kubwa, au watengenezee kizimba cha wavu, hasa katika wiki za mwanzo. Kwa wakazi wa pwani hili ni la lazima kwa sababu ya kunguru wa India. Ndege huyo aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale takataka, kisha akaenea Mombasa, Dar es Salaam na kwingineko. Tofauti na mwewe, kunguru hutua na kutembea hadi chini ya kichanja, na mara nyingi mmoja humchokoza mama huku mwenzake akinyakua kifaranga. Huyo huzuiwa kwa wavu, na kwa kufukia mabaki ya chakula yanayomvuta uani.

Usiku: ziba kila tundu

Giza likiingia kuku haoni vizuri, hivyo hubaki alipolala hata adui akiwa hatua moja kutoka kwake. Kanu au kicheche akiingia bandani, kila kuku anayepapatika humchochea aue tena, na kwa kuwa hakuna anayeweza kutoroka, huendelea mpaka kupapatika kuishe. Ndiyo sababu ya mizoga mingi isiyoliwa.

Banda la usiku halihitaji kuwa kubwa, ila lazima lifungike. Ule wavu mwepesi wenye matundu ya pembe sita huzuia kuku wasitoke, lakini mbwa huuchana na panya hupita. Madirishani weka wavu mgumu wa chuma wenye matundu ya nusu inchi, ukaupigilie kwenye mbao pande zote. Mwenye kufukua huanzia kwenye kitako cha ukuta, kwa hiyo laza wavu chini kuelekea nje, upana wa futi moja hivi, uufukie kwa udongo au mawe. Mlango uwe na komeo linalobana. Kamba na kijiti si komeo.

Banda lililoinuliwa juu ya nguzo huwazidishia kazi panya na nyoka, hasa ukizivisha nguzo bati laini. Pakaa grisi kwenye nguzo hizo kuzuia siafu, na usiwasahau: tetea anayeatamia hung'ang'ania mayai yake, na siafu humla papo hapo kiotani.

Soma alama kabla ya kulaumu

Mayai yaliyotoweka bila hata ganda mara nyingi yamemezwa na nyoka au kenge. Kenge huacha mchangani mburuzo wa mkia katikati ya nyayo. Kuku wengi waliotafunwa ovyo mwili mzima, si shingoni tu, na kuachwa, mara nyingi ni kazi ya mbwa. Pasipo na unyoya wala damu, na komeo limefunguliwa, aliyeingia ni mtu.

Usitege sumu. Nyama yenye sumu haichagui: humuua mbwa wa jirani, na huweza kumuua bundi, ambaye usiku hukusaidia kupunguza panya. Nafasi ya mnyama uliyemuua huchukuliwa na mwingine, na tundu alilopitia bado liko wazi.

Fedha zikiwa chache, anza na banda la usiku, kwa kuwa usiku mmoja unaweza kumaliza mitetea wote wanaotaga, na hao ndio mtaji. Fuatisha tenga la vifaranga, kisha vichanja. Na kila jioni, kabla ya kufunga komeo, hesabu kuku wako. Anayejua idadi hugundua upungufu siku hiyo hiyo, alama zikiwa mbichi na tundu likizibika kabla ya usiku wa pili.