Muhumba Inahitaji Asistani Sosiali Wake

Muhumba imejengwa kwenye rasi inayoingia Ziwa Kivu, ndani ya komine ya Ibanda mjini Bukavu, na mkazi wa Kadutu au Bagira akiisikia anafikiria mara moja mtaa wa wenye nafasi. Kuta ni ndefu, mageti ni ya chuma, na nyumba nyingi za enzi ya Wabelgiji zimepangishwa miaka nenda miaka rudi kwa mashirika ya misaada. Ndiyo maana ukisema kwamba Muhumba nayo inahitaji asistani sosiali wa kuangalia watoto, wengi watakushangaa. Kazi hiyo, watasema, ipelekeni Panzi, Nyamugo au Cimpunda. Lakini nyuma ya kuta hizo wanaishi watoto wasioandikwa popote. Yupo mtoto wa mlinzi anayelala kibandani kando ya geti. Yupo msichana aliyeletwa na shangazi kutoka Walungu au Kalehe kwa ahadi ya shule, na sasa anashinda na mtoto wa wenye nyumba mgongoni. Yupo mvulana anayepanda mlima na bidoo la njano la lita 20 kila bomba la REGIDESO linapokauka. Hao si maibobo, watoto wa mitaani wa sokoni, ambao kila mpita njia anawaona na kuwahurumia au kuwafukuza. Wana paa na wana sahani ya fufu, na kwa sababu hiyo hakuna anayeuliza habari zao.

Ninachotaka kusema ni kwamba tumeielewa vibaya kazi ya asistani sosiali. Tunamwona kama mtu wa dharura, anayefika na gari mtoto akiisha kuumizwa, anaandika ripoti, anaondoka. Kazi yake yenye faida kubwa zaidi hutangulia dharura: yeye ndiye anayekusanya pamoja yale ambayo mwalimu, muuguzi, padri, jirani na shefu wa avenyu wanayajua kila mmoja kipande chake. Mwalimu anajua kwamba mtoto hafiki darasani siku za Jumatatu. Muuguzi ameona kovu mkononi. Jirani anasikia kilio usiku. Kila mmoja peke yake ana jambo dogo ambalo halitoshi kumsimamisha mtu mbele ya hakimu, wala hata kubisha hodi. Yakiwekwa katika dosie moja, yanakuwa habari ya mtoto mmoja anayeteswa. Na mtu wa kuyaweka pamoja lazima awe wa mtaa, anayejulikana, atakayekuwepo mwaka kesho na mwaka ule mwingine.

Ushahidi mzito wa jambo hili uko karibu nasi, Kavumu, mwendo wa kilomita kama 30 kutoka Bukavu. Kuanzia 2013 wasichana wadogo, wengine bado wananyonya, walichukuliwa usiku kutoka vitandani mwao, wakabakwa, wakaachwa mashambani. Walikuwa zaidi ya 40. Waliotibiwa walifikishwa hospitali ya Panzi, wazazi walilalamika, polisi waliandika. Lakini kwa karibu miaka mitatu kila tukio lilishughulikiwa kivyake, kana kwamba kila familia imepatwa na msiba wake wa pekee. Mwezi wa tatu 2016 mtetezi wa haki aliyekuwa akiwachunguza wahusika aliuawa. Mambo yalibadilika pale mafaili yalipounganishwa na kusomwa kama kosa moja. Tarehe 13 Desemba 2017 mahakama ya kijeshi, iliyoketi palepale Kavumu, ilimhukumu mbunge wa jimbo Frederic Batumike pamoja na wanamgambo wake kumi kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Watoto hawakulazimishwa kusimama mbele ya watu waliowatendea hayo. Walihojiwa pembeni na wataalamu, maneno yao yakarekodiwa kwa video. Tunawashukuru madaktari, mawakili na majaji kwa kazi hiyo. Hata hivyo swali linabaki. Kama katika kila kijiji cha Kavumu angekuwepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuandika yanayowapata watoto na kuyalinganisha na ya kijiji cha jirani, je, ingechukua miaka mitatu kutambua kwamba mkono ni uleule?

Sheria yetu haina upungufu mkubwa hapa. Katiba ya Kongo ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtelekeza na kumtesa mtoto, na inataja waziwazi kosa la kumshutumu uchawi. Kifungu cha 43 kinasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za serikali. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 ilileta mahakama za watoto, ikampa asistani sosiali nafasi kando ya hakimu, na ikaweka kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu, pamoja na faini, kwa anayemshutumu mtoto uchawi. Lakini sheria haitembei barabarani. Kuandikisha mtoto aliyezaliwa hakulipiwi ndani ya siku 90, na bado uchunguzi wa kitaifa wa MICS wa 2017 na 2018 ulikuta kwamba kati ya watoto 100 walio chini ya miaka mitano, ni 40 tu walioandikishwa. Siku 90 zikipita, mzazi anahitaji hukumu ya mahakama, na hukumu inataka nauli, karatasi na muda. Asistani wa mtaa anayemtembelea mzazi wiki ya pili baada ya kujifungua anaifuta shida hiyo yote kwa maneno machache: mama, nenda komine mwezi huu.

Tazama pia asistani anavyofanya kazi mtoto anapokuwa amefukuzwa nyumbani. Kwanza anajaza fishi: jina la mtoto, la baba, la mama, kijiji, shule ya mwisho, nani anamfahamu mjini. Kisha anakwenda kwa familia bila mtoto. Hamlaumu mtu. Anakaa, anauliza habari za wagonjwa, anasikiliza malalamiko ya mama wa kambo, anamtafuta bibi au mjomba ambaye neno lake linasikika katika ukoo ule. Safari ya pili au ya tatu ndipo anapokuja na mtoto, mchana, majirani wakiona. Baadaye anarudi bila kutoa taarifa, anatazama kama daftari lina maandishi mapya na kama mtoto anakula pamoja na wenzake au peke yake jikoni. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayokatwa kwanza fedha zikipungua, nami naiona kuwa ndiyo kazi yenyewe. Mtoto aliyerudishwa nyumbani bila mtu wa kurudi kumwangalia amehamishiwa tu mahali pengine pa kuteswa.

Wapo watakaosema mtoto ni wa ukoo, na mgeni mwenye karatasi hana haki ya kuingia kati. Nawaheshimu, kwa sababu katika vita vyote vilivyopita hapa tangu 1996 ni ukoo, si serikali, uliowapokea yatima walio wengi. Lakini vita hivyohivyo vimeutawanya ukoo. Mjomba aliyekuwa na neno yuko Shabunda au amekufa, bibi amebaki Kabare, na msichana aliyeletwa Muhumba hana hata mtu mmoja wa damu yake anayeweza kupita getini kumuuliza hali. Tena ni ndani ya familia, mara nyingi kwa kuchochewa na mtabiri wa chumba cha maombi, ndimo mtoto anamoambiwa kwamba yeye ndiye aliyemuua mama yake. Kituo cha Ek'abana, kilichoanzishwa hapa Bukavu kwa juhudi za mmisionari wa Kiitalia Natalina Isella, kimefanya kazi miaka mingi na wasichana walioshutumiwa hivyo, na shabaha yake ni kuzungumza na familia mpaka ziwapokee tena. Kazi ya namna hiyo inaurudishia ukoo watoto wake.

Wengine watasema mashirika yapo, waachieni. Mashirika yamefanya mema ambayo hakuna wa kuyakana. BVES, iliyoanzishwa na Murhabazi Namegabe, imewatoa watoto mikononi mwa makundi yenye silaha tangu zama ambazo kadogo, watoto askari, walikuwa sura ya kawaida barabarani, na mwaka 2011 mwanzilishi wake alipewa Tuzo ya Watoto ya Dunia. Shida ni mradi, maana mradi una tarehe ya mwisho na utoto hauna. MONUSCO, ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa, iliondoka Kivu Kusini mwishoni mwa Juni 2024. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Katikati ya Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, benki zikafungwa, shule zikasimama kwa muda, na watu wa kwanza kuondoka walikuwa wenye pasipoti na magari. Walinzi wa Muhumba walibaki, na watoto wao pia. Kila kilichokuwa kinajulikana kuhusu watoto wa mji huu na kuhifadhiwa katika kompyuta ya ofisi iliyofungwa, kilifungwa pamoja na ofisi. Kilichobaki ni kamati za RECOPE za kuwalinda watoto mitaani, wamama wa jumuiya ndogondogo za parokia, na walimu wanaojua nyumba za wanafunzi wao. Hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu hapo hapahami.

Basi nani atalipa? Hili ndilo pingamizi gumu, na sitalipita juujuu. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda imeweka katika kila kijiji watu wawili, mwanamke na mwanamume, wanaoitwa marafiki wa familia. Kwa vijiji 14,837 hao ni karibu 30,000. Najua kwamba kuitaja Rwanda kama mfano mbele ya mtu wa Bukavu leo ni kugusa kidonda kibichi cha vita, na kidonda hicho kina haki yake. Ila jambo jema la kumlinda mtoto halina mpaka, na mfano huu unafundisha kwa pande zote mbili. Unaonyesha kwamba mtu wa kijiji mwenye mafunzo mafupi anaweza kuliona tatizo mapema. Unaonyesha pia upungufu: wale ni wa kujitolea, na nisingependa tuuige upande huo. Mtu anayesikiliza machungu ya watoto wiki nzima kisha anarudi nyumbani bila unga atachoka, au atakubali bahasha ya mwenye nyumba ili asiandike. Alipwe, hata kidogo, na mtaa uchange sehemu. Bukavu inayojua kuendesha likelemba, mchango wa zamu, bila benki, inayochangia matanga na harusi kila Jumamosi, haiwezi kusema haijui kuchanga. Na Muhumba, ambako parseli moja inapangishwa kwa dola ambazo familia ya Cimpunda haizioni kwa mwaka, haina udhuru kabisa.

Liko pingamizi moja zaidi, ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Mtu anayeandika nani analala katika nyumba gani, katika mji wenye askari, anafanana na mpelelezi. Daftari za nyumbakumi zimewahi kuogopwa kwa sababu hiyohiyo, na hofu hiyo si upuuzi. Mama hatamwambia ukweli asistani kama anashuku kwamba kesho jina la mwanawe mwenye miaka 15 litafika kambini. Kwa hiyo masharti lazima yawe makali. Dosie ya mtoto isikae kwa shefu wa avenyu wala kwa polisi. Iandikwe kwa namba badala ya jina, ifungiwe, na isifunguliwe ila kwa ajili ya daktari au hakimu wa watoto. Asistani asibebe siri hizo peke yake pia. Yaliyompata mchunguzi wa Kavumu yanatuonya kwamba mtu mmoja anayejua kila kitu ni rahisi kunyamazishwa. Wawe wawili, wenye kusimamiwa na kamati ambamo mwalimu, muuguzi na mtu wa dini wameketi pamoja, ili habari ikiwekwa mezani isiweze kuzikwa na mtu mmoja. Hapo ndipo mtaa unapoanza kuwaamini: unapoona kwamba waliyoambiwa hayakurudi sokoni.

Ninyi wenye parseli za Muhumba, msisubiri serikali irudi wala mfadhili mwingine apange nyumba. Kaeni na shefu wa avenyu na RECOPE ya kartie, chagueni mwanamke mmoja na mwanamume mmoja mnaowaamini, wapeni posho na kabati lenye kufuli. Kisha kila nyumba ijibu maswali matatu kuhusu kila mtoto anayelala ndani ya ukuta wake, awe wa kuzaa au wa kazi: anaitwa nani, mzazi wake yuko wapi, anasoma darasa la ngapi. Nyumba isiyoweza kuyajibu itembelewe kwanza.