KIATU HAKINA MOTO WAKE
Namna ya kuchagua botini za mulima wa barafu

Kama baba yako ao bwana yako anafanya kazi katika mugodi, unajua kama botini ni chombo cha kazi, si pambo. Kuko botini yenye chuma mbele juu ya mawe yanayoanguka, na kuko bote ya mupira juu ya maji. Mutu akikosea kuchagua, muguu wake ndio utalipa. Leo tuongee juu ya kazi ingine ambamo kiatu kinaweza kuokoa muguu ao kuupoteza: kupanda milima ya barafu.

Usiseme, "Hayo ni mambo ya Wazungu tu." Ruwenzori, mulima wetu kwenye mupaka wa Congo na Uganda, uko na barafu juu yake, hata kama inayeyuka na kupunguka mwaka kwa mwaka. Kilele chake, Margherita, kina urefu wa metre 5109. Tangu zamani vijana wa Mutwanga, chini ya mulima ule, wamesindikiza wageni na kuwabebea mizigo.

Sikia mambo yaliyopata Wafaransa wawili. Siku ya 3 Juni 1950, Maurice Herzog na Louis Lachenal walifika juu ya Annapurna, katika inchi ya Nepal, metre 8091. Ilikuwa mara ya kwanza watu kufika kwenye kilele cha mulima unaopita metre 8000. Walivaa viatu vya ngozi. Njiani Lachenal alisikia miguu yake inakufa ganzi. Yeye alikuwa kiongozi wa wapanda milima; miguu ndiyo ilimupa mukate. Alimuuliza mwenzake atafanya nini kama yeye akirudi chini. Herzog akajibu kwamba ataendelea peke yake. Lachenal hakutaka kumuacha. Walifika, lakini kisha munganga alipaswa kuwakata vidole vyote vya miguu. Herzog alipoteza vidole vya mikono pia, maana glovu zake zilianguka wakati wa kushuka.

Sasa utauliza: baridi inafanya hivi namna gani? Termosi haipike chai; inalinda tu moto wa chai uliyotia ndani. Kiatu ni vile vile. Moto wa muguu unatoka katika damu yako. Baridi ikizidi, mwili unafunga mishipa midogo ya miguu na mikono, ili kulinda moyo na vitu vya ndani. Damu isipofika, vidole vinaganda, na nyama yake inakufa. Kwa hiyo kazi ya kiatu ni mbili: kulinda moto, na kuachia damu njia. Watu wengi wanafikiri ya kwanza tu.

Basi, angalia mambo haya ine.

1. Anza na mulima, si na duka. Kuko botini moja yenye kitambaa cha joto ndani. Hiyo inatosha kwa kazi ya siku moja kwenye barafu, ao kwa Ruwenzori. Kuko botini mbili-katika-moja: kiatu cha inje kigumu, na kiatu cha ndani cha laini kinachotoka. Hiyo ni ya milima mirefu na baridi kali, pahali mutu analala usiku mingi. Magaribi anatosha kile cha ndani na kulala nacho ndani ya mufuko wa kulalia, kisigande. Kwa milima ya metre 8000, wanaongeza tena kifuniko kinachopanda mupaka karibu na goti. Lakini usichukue ya mwisho ukifikiri kama inapita zote. Ruwenzori wanatembea katika matope na bote za mupira kama za mugodi, kisha wanabadilisha wakifika kwenye barafu. Ukivaa pale botini ya metre 8000, utatoka jasho. Soksi italowa, na kitu kilicholowa kinapoteza joto upesi.

2. Pima na soksi utakayovaa, na upime magaribi, wakati miguu imevimba kidogo. Vidole vyote vinapaswa kucheza. Shuka ngazi: vidole visigonge mbele. Panda ngazi: kisigino kisinyanyuke. Usiongeze soksi ya pili ikiwa kiatu kinabana, maana unafunga damu njia, na muguu utaona baridi zaidi. Mimi nilipokuwa kwenye Shule ya Biblia nilinunua viatu vya kunibana kwa sababu vilingaa. Nililipa kwa malengelenge tu. Kwenye barafu ningelipa kwa vidole.

3. Angalia soli. Zamani walipiga misumari chini ya viatu, na chuma kilipitisha baridi mupaka kwenye muguu. Muitalia Vitale Bramani, kisha rafiki zake sita kufa mulimani katika mwaka 1935, alitengeneza soli ya mupira yenye meno, iliyotoka katika 1937. Leo, kwa barafu ya kusimama, soli inapaswa kuwa ngumu: ukiikunja kwa mikono, isikunjike. Mbele na nyuma iwe na ukingo wa kushika krampo, ni kusema meno ya chuma yanayofungwa chini ya kiatu.

4. Usidanganywe na mitumba. Botini za zamani za plastiki zinaweza kuonekana mupya, kumbe plastiki imezeeka na itapasuka katika baridi.

Neno la mwisho kwa kijana atakayepanda siku moja. Muguu wenye baridi unauma. Maumivu yakikwisha bila sababu, usifurahi: ni alama mbaya. Simama, legeza kamba, chezesha vidole, na kama havirudi, shuka. Usisugue na theluji. Muguu ulioganda unatiwa katika maji ya digri 37 mupaka 39, lakini tu pahali ambapo hautaganda tena; ukiganda mara ya pili, hasara inazidi.

Botini nzuri itakupa saa chache zaidi. Lachenal alisikia miguu yake mbele ya kufika juu, na alijua maana yake. Wewe ukisikia vile, fikiri na mwenzako pia: usimuweke mahali atakapopaswa kuchagua kati ya vidole vyake na kukuacha peke yako. Mulima utabaki pale. Kidole kilichokatwa hakirudi.